Mfumo Unakokotoa, Tafadhali Subiri

Siku Manzi alipotangaza mbele ya wageni kwamba tovuti na programu ya hesabu zimeunganishwa, Shami, aliyekabidhiwa kazi ya kuziunganisha, alikuwa nyuma ya ukumbi na sambusa mdomoni. Hakuweza hata kukohoa.

Ilikuwa Nyarutarama, mtaa wa kifahari katika mji mkuu wa Rwanda, kwenye hoteli moja ambayo viti vyake huvaa vizuri kuliko wageni. Manzi, mwenye kampuni ya Gahunda, yaani Ratiba, alikulia Kampala, na Mungu alimjalia kipaji cha kusimulia jambo ambalo halijatokea kwa sauti ya mtu anayelikumbuka. Alisema mkuu wa shule ataandika kwenye tovuti walimu wake, madarasa na vipindi, kisha mashine itapiga hesabu yenyewe na kumrudishia ratiba ambayo hakuna mwalimu atakayetakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Wageni walipiga makofi. Shami alimeza sambusa, akapiga na yeye.

Tovuti ilikuwepo kweli. Shami mwenyewe, binti aliyekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, aliiandika kwa PHP, lugha ile ya tovuti ambayo vijana huicheka vijiweni kisha wanarudi ofisini kuitumia. Hesabu nazo zilikuwepo. Zilikuwa za Nsengiyumva, mtaalamu wa hesabu aliyelelewa Bujumbura, mpole, mrefu, mwenye koti moja la kahawia, na alizitunga ndani ya programu kubwa ya kihesabu yenye uwezo wa kutafuta njia katika msitu wa namba. Kisichokuwepo ni njia ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya msomi aliyeketi mbele ya kompyuta yake na kikombe cha chai. PHP ilipoiita, iliitika vizuri, ikaamka, ikafungua kidirisha kidogo na kuuliza: "Niendelee?" Halafu ikangoja mtu abofye. Mtu hayupo. Ikangoja kwa adabu zote, mpaka tovuti ikachoka na kukata simu, kama tuseme hivyo. Dawa yake Shami aliijua. Alihitaji wiki chache za utulivu, asiitwe kwenye mikutano wala kutumwa hotelini kubeba mabango.

Wiki hizo hakuzipata, na hapa lazima tueleze habari ya ahadi. Nchini Rwanda viongozi hutia saini mbele za watu ahadi za kazi za mwaka, zinaitwa imihigo, na mwisho wa mwaka hupimwa. Ni jambo zuri. Manzi akaliona zuri kiasi kwamba akaliiga, ila lake, lenye saini ya kila mfanyakazi, alilibandika ukutani na kulipima kila Ijumaa kwa asilimia. Ijumaa moja akamuuliza Shami kuunganisha kumefika wapi. Shami, mtoto mkweli, akajibu: "Upande wa tovuti umekamilika, upande wa hesabu umekamilika. Kilichobaki ni katikati."

"Katikati ni kadogo," Manzi akasema, na kuandika tisini na tano. Wiki iliyofuata ile namba, kwa kuwa haikupata wa kuizuia, ilinenepa yenyewe ikawa mia.

Shami alipokwenda kuomba zile wiki zake, Manzi alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Shami, we nawe! Unataka nikupe muda wa kufanya kitu kiliisha? Wageni wakija kukagua nitawaambia nini, bana? Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo, bosi?"

"Linakuja," alisema Manzi, na akapokea simu.

Basi ikabidi apatikane mtu wa kukaa katikati. Shami aliandika mistari michache ya PHP iliyochukua swali la shule na kulituma kwenye simu ya Nsengiyumva. Nsengiyumva alilisoma, akaliingiza kwa mikono katika programu ya hesabu, akabofya pale panapouliza "Niendelee?", akanakili jibu na kulirudisha. Wakati huo mkuu wa shule alikuwa akitazama kigurudumu kinachozunguka na maneno: Mfumo unakokotoa, tafadhali subiri. Walikubaliana iwe hivyo kwa muda tu. Kila mtu anajua mambo ya kwa muda tu hudumu kiasi gani.

Shida ni kwamba mashine ilipendwa. Ilipendwa mno. Sista Spéciose, mkuu wa shule moja ya wasichana kule Muhima, aliandika siku moja kwenye kisanduku cha maoni kwamba mwalimu wa kemia ana ujauzito na ngazi zinamchosha. Ratiba ikarudi na vipindi vyote vya kemia viko ghorofa ya chini. Sista akaandika: "Mungu akubariki." Mashine ikajibu: "Nawe pia, Sista. Usisahau kwamba yule wa Kifaransa huwa kliniki Jumatano." Sista akawasimulia wakuu wenzake, akawaambia mashine nyingine ni mashine tu, lakini hii ya Gisimenti, mtaa wa ofisi za Gahunda, imelelewa.

Kadiri sifa zilivyokua ndivyo Nsengiyumva alivyopungua. Kwanza alihamishiwa stoo ya nyuma, juu kidogo ya moshi wa mbuzi wa kuchoma uliopanda kutoka baa ya chini. Kisha mlangoni pakabandikwa "Seva. Usiingie." Manzi akaleta na feni lenye kelele, ili wageni wakipita wasikie kitu kikivuma. Mkataba wa Nsengiyumva ulipoisha, haukuandikwa mwingine.

"Kwenye makaratasi kuna mashine," Manzi alimweleza kwa upole wa kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa asilimia. "Nikiandika jina lako, mashine nitaipeleka wapi? Mshahara utapata, usijali. Tutauweka kwenye fungu la umeme."

Nsengiyumva alicheka. Naye Shami alicheka. Ndivyo watu waungwana wanavyozoea kuumizwa, kwa kucheka kwanza.

Kisha Nsengiyumva akataka kuoa. Msichana aliitwa Akimana, aliuza vitenge Muhima katika duka la baba yake mdogo, mzee Ndihokubwayo, aliyemlea tangu utotoni. Siku ya gusaba, yaani siku ambayo upande wa kijana huenda rasmi kumwomba binti mbele ya koo zote mbili, ilikuwa imekwisha kupangwa, na kadi zimegawiwa. Lakini mzee Ndihokubwayo hakuwa mtu wa kutoa binti kwa kadi. Alifanya walivyofanya wazee wake: kabla ya kupokea wakwe, alitoka kwenda kuulizia kijana ni wa namna gani. Parokiani alisifiwa. Kwa mwenye nyumba alisifiwa. Ikabaki kazini.

Alifika ofisini siku ambayo Manzi alikuwa na wageni wenye hamu ya kuweka fedha zao katika kampuni. Mzee akavua kofia, akasimama katikati ya chumba na kusalimu kwa lugha ya kwao.

"Bwakeye. Natafuta kijana moja, Nsengiyumva. Banasema iko anafanya kazi hapa, kazi ya hesabu."

Wageni wakageuka. Shami aliona macho ya Manzi yakienda mlangoni kwa seva na kurudi.

"Muzee, hapa hesabu anafanya mashine," Manzi akasema, akicheka kidogo. "Hakuna mutu."

"Hakuna mutu kabisa?"

"Kabisa! Ndiyo uzuri yake."

Mgeni mmoja akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Mzee akamgeukia Shami, aliyekuwa amesimama na birika la chai mkononi. "Na wewe, mwanangu? Unamujua?"

Jibu lilikuwa fupi. Hata mtoto wa chekechea angelitamka. Shami alimtazama Manzi, akatazama wageni, akafikiria ile mia ukutani yenye saini yake chini, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema: "Bosi ameshajibu, mzee wangu. Karibu chai."

Mzee hakutaka chai. Alivaa kofia yake, akaaga kila mtu kwa adabu, akashuka ngazi. Na nyuma ya mlango wa seva feni liliendelea kuvuma, na Nsengiyumva alikuwa amekaa humo akisikia kila neno.

Wageni walipoondoka Shami aliingia kule stoo. Alikuwa amejitayarisha kutukanwa, angefurahi kutukanwa. Nsengiyumva alikuwa anarudisha ratiba ya shule fulani.

"Mimi pia ningeweza kufungua mlango," alisema bila kugeuka. "Sikufungua. Donc, yaani, sisi watatu tulinikana, na mimi nikiwemo."

"Nisamehe, kaka."

"Akimana amenipigia. Muzee hafuti gusaba, watu wameshaalikwa, ni aibu. Lakini ataniuliza mbele ya watu. Nikisema nafanya kazi hapa, Manzi atakuwepo pale, atakataa. Nikinyamaza, ni mwongo ninayekula kwa wizi, hawanipi mke." Akabofya "Niendelee?" kwa kidole kimoja. "Unafikiri atanisemea?"

Shami alikwenda kwa Manzi siku ileile, akamweleza yote kwa hasira. Manzi alionekana kuguswa. Alisema yeye si mtoto, ameshatoa magari mawili ya harusi, na siku hiyo atakaa mstari wa mbele na kusema neno zuri.

"Neno gani, bosi?"

"Neno zuri," Manzi akarudia. "Ila mwambie simu asizime. Shule ni shule."

Jumamosi ikafika. Katika ua wa mzee Ndihokubwayo palisimamishwa mahema mawili yanayotazamana, makreti ya fanta yakapangwa kivulini, na wanawake waling'aa katika mishanana yao, mabega wazi, nguo zikitiririka mpaka chini. Nsengiyumva alikaa kati ya wenzake akiwa amefungwa shuka jeupe begani, na fimbo ya ufugaji mkononi, ingawa ng'ombe wa mwisho aliyemkaribia alikuwa kwenye mshikaki. Manzi alikaa mbele. Upande wa binti, katikati ya wanakwaya, alikaa Sista Spéciose, kwani Akimana aliimba parokiani kwake. Na karibu naye wakuu wengine wawili wa shule, wateja wa Gahunda. Manzi alipowaona alirekebisha tai.

Gusaba ni vita ya maneno. Msemaji wa upande wa kijana huomba, msemaji wa upande wa binti hukataa, hutania, huwatoza faini ya kuchelewa, hudai binti ameshachumbiwa kwingine, na watu hucheka, kwani kila mmoja anajua mwisho wake. Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee Ndihokubwayo mwenyewe. Alikataa vizuri, alitania vizuri. Kisha aliposema tena, kwa Kinyarwanda cha taratibu, hakukuwa na utani.

"Mlituambia kijana wenu ana kazi. Nimekwenda kwa miguu yangu hadi kwenye kazi hiyo. Nikaambiwa hesabu inafanywa na mashine, mtu hakuna. Hakuna kabisa. Sasa nawauliza, wakwe zangu. Huyu mliyekuja naye ni nani? Binti yetu namkabidhi upepo?"

Watu walianza kucheka, kisha kicheko kikawafia mdomoni. Msemaji wa upande wa kijana, bingwa wa kukodiwa, mwenye methali kwa kila jambo, alipekua kichwa chake. Methali ya mtu asiyekuwepo hakuwa nayo. Akageuka kumwangalia Manzi, na mahema yote mawili yakageuka naye.

Manzi akasimama. "Wazee wetu. Kijana huyu ni nguzo ya mafanikio yetu."

"Anafanya kazi kwako?" mzee akauliza.

"Ni mtu wa karibu sana wa mfumo."

"Bwana, mimi nauza vitenge. Niambie kama ninavyomwambia mteja: ipo au haipo. Huyu ni mfanyakazi wako au si wako?"

Manzi alifungua mdomo. Macho yake yakapita juu ya Sista Spéciose na wale wakuu wawili, yakatua kwenye nyasi. Alibaki amesimama hivyo, na fanta ikasikika ikitoa povu. Nsengiyumva hakumwangalia. Aliinama, akaikaza fimbo mikononi. Shami aliona jambo hilo, na alijua ile aibu ilikuwa ya kwake, mwenziwe ndiye aliyekuwa ameibeba.

Katika gusaba, msichana wa kwenye viti vya nyuma hana neno. Shami akasimama. Shangazi mmoja alimvuta mshanana akae, mshanana ukakaribia kubaki mkononi mwa shangazi, Shami akaushika na kusonga mbele, akapiga goti.

"Mzee wangu, uliniuliza nikakukwepa kwa chai. Naomba radhi. Sikustahili kuaminiwa siku ile, na leo usiniamini kwa maneno. Sista Spéciose ana simu. Aiulize mashine swali lolote, hapa hapa, tuone nani atajibu."

"Shami!" Manzi akasema chini chini. Hakusikilizwa.

Sista, ambaye alipenda mashine yake na hakuelewa kwa nini imeingizwa kwenye posa, alivaa miwani, akaandika huku akitamka kila neno ili wote wasikie: "Mwalimu wa kemia amejifungua jana. Vipindi vyake nimpe nani?" Akatuma. Kigurudumu kikaanza kuzunguka. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono, wazee wakainama kuisoma: mfumo unakokotoa, tafadhali subiri. Watu wakasubiri.

Kitu kikalia ndani ya shuka jeupe, kiunoni mwa bwana harusi.

Mzee Ndihokubwayo alinyoosha kidole. "Jibu, mwanangu."

Nsengiyumva hakuitoa hata simu. Aliinua kichwa. "Yule wa baiolojia, Sista. Jumatatu na Alhamisi ana nafasi, na hanuni. Jumatano mpe kijana aliye kwenye mazoezi, ila usimpeleke kidato cha tano, watamliza." Kisha akauliza: "Amejifungua salama?"

"Mtoto wa kike," Sista alisema. Kisha mkono ukaenda mdomoni. "Yesu wangu! Ni wewe?"

"Ni mimi, Sista."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Sista alikaa akijumlisha mambo kichwani, na uso ukambadilika. "Na lile nililouliza kuhusu mama mkuu..."

"Lile nililifuta, Sista."

Mahema yakalipuka kwa vicheko, hata walioshika makreti wakaketi juu yake. Mzee Ndihokubwayo peke yake hakucheka. Alivuka uwanja ule mdogo kati ya mahema mawili, jambo ambalo msemaji hafanyi, akasimama mbele ya Manzi.

"Nimeishi sana," alisema. "Nimewaona watu wakiona aibu kwa kukosa mtu. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona akiona aibu kwa kuwa naye."

Mzee akarudi mahali pake, akatangaza kwamba ng'ombe wamekubaliwa, fanta zimekubaliwa, kijana yupo, wameonana. Kimebaki kitu kimoja tu: barua ya kazi yenye jina la kijana. Manzi akaahidi Jumatatu asubuhi. Mzee akamwambia wao hawana haraka, wana chakula cha kutosha, na binti atatoka nyumbani barua ikishasomwa. Basi Manzi akaandika pale pale, nyuma ya kadi ya mwaliko, ikiwa juu ya goti lake, na msemaji wa kukodiwa akaisoma kwa sauti kwa mbwembwe zote, kama anayetaja majina ya sifa ya ng'ombe wa mahari. Vigelegele vikapasua anga. Shami alilia waziwazi, wala hakujificha.

Akimana akatoka akiwa amezungukwa na dada zake, mrembo, macho chini kama desturi itakavyo. Lakini desturi haikutayarishwa kwa wakuu wa shule. Walikuwa wameshajipanga mbele ya bwana harusi, kila mmoja na shida yake ya vipindi, na huku kwenye shuka simu ilikuwa ikilia na kulia. Akimana akainua macho. Akawapita, akaingiza mkono kiunoni mwa mumewe mtarajiwa bila kumwomba ruhusa mtu, akaichomoa ile simu, akatembea nayo mpaka mstari wa mbele na kuiweka kiganjani mwa Manzi.

"Bosi, mashine yako hii," alisema. "Huyu mwingine ni wangu."

Akarudi kukaa. Simu ikatetemeka tena mkononi mwa Manzi, naye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akaisoma. Ilitoka shule moja ya pembezoni: mwalimu wa historia amefiwa na mama yake asubuhi hii, wanafunzi wanampenda, naye anasisitiza kuja kufundisha Jumatatu. Tufanyeje?

Manzi alisoma mara ya pili, kisha akamtafuta Shami kwa macho na kumwonyesha kioo. "Hapa mashine ingejibu nini?"

"Ingeuliza kama iendelee," Shami akamwambia. "Nsengiyumva angeanza na pole."

Manzi alikaa. Ngoma zilikuwa zimeanza na watu wanainuka kucheza, lakini yeye aliinamia ile simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole: Pole sana. Akayatazama yale maneno mawili kwa muda mrefu, akiwa hajui la kuandika baada yake.